Dawa za Kwapa na Nusu ya Juu ya Ubao

Wanangu mnaotaka kuweka meza ya vipodozi pale soko la Garsen, nimesikia mnaulizana kwa nini nimeondoa yangu, na kama nafasi iko wazi. Iko wazi. Ni pale barazani, upande wenye kivuli mpaka adhuhuri. Baada ya hapo jua linawahamia na bidhaa zinaanza kuyeyuka. Kabla hamjapanga vitu vyenu, kaeni kidogo niwaambie ninachokijua kuhusu dawa za kuzuia jasho, maana hizo ndizo zilizonipa jina. Vijana wa steji ya magari waliniita Mama Kwapa. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikawa naitika.

Nitawaambia ipi inafanya kazi na ipi ni maji yenye manukato tu. Lakini msinisikilize kama mtu aliyefaulu. Niliingia kazi hii nikitafuta dawa moja, ya mtu mmoja, na sikuipata. Mtu huyo ni mdogo wangu Saadia. Nilichokitaka kilikuwa kidogo: awe mkavu mbele za watu, asome amalize, awe mwalimu na abaki mwalimu. Mengine yote mliyoyaona pale mezani yalianzia hapo.

Sisi ni watu wa Hewani, wakulima wa kando ya mto. Baba alitangulia, na mama akamfuata kwa homa wakati mpunga haujavunwa. Nilikuwa darasa la saba. Mimi ndiye mkubwa, nikifuatwa na ndugu yetu Jilo, na Saadia alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Hakuna aliyeniambia niache shule. Niliacha tu, kama mtu anavyoshusha mzigo kichwani ili abebe mwingine. Nikaja Garsen kufagia baraza la Mama Halima, mfanyabiashara Msomali wa kutoka Nanighi aliyekuwa na duka la nguo, sukari na manukato. Yeye aliniita abaayo, yaani dada kwa lugha yao, ingawa nilikuwa na umri wa binti yake. Ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyenipa meza mbele ya duka lake nilipokuwa mtu mzima.

Sasa, jasho. Garsen kila mtu anatoka jasho, hilo si jambo la kusimulia. La Saadia lilikuwa la namna nyingine. Lilianza alipokuwa anaingia usichana. Lilitoka alfajiri, lilitoka akiwa ameketi kivulini bila kufanya lolote, lilitoka zaidi mtu akimwangalia. Shati la shule lilikuwa linalowa kuanzia kwapani mpaka kiunoni kabla kengele ya kwanza haijapigwa. Siku moja alirudi nyumbani akaniambia kwamba msichana aliyekuwa anakaa naye dawati moja amehamishwa, kaomba mwenyewe. Nikamwambia asijali, atakuwa na nafasi ya kuweka vitabu vyake. Akasema mwalimu aliuliza swali la hesabu na yeye alikuwa na jibu.

"Ukalijibu?"

"Ningejibu vipi, Dada? Mpaka unyooshe mkono."

Neno hilo ndilo lililonifanya muuza dawa za kwapa.

Mama Halima alikuwa anauza aina mbili tatu tu, zimekaa kwenye rafu karibu na udi. Nikamuuliza ipi ni nzuri. Akasema zote ni nzuri kwa anayeuza. Nikamwambia nataka kujua kweli, ni ya Saadia. Akaniangalia, akatoa zote akaziweka mbele yangu, akasema nijue mwenyewe kwa ngozi yangu, kwa sababu anayeandika kwenye kopo hajawahi kufika Garsen mwezi wa pili.

Basi nikabuni njia yangu, na hii chukueni, ni ya bure. Nilikuwa bado nimeweka shati langu la shule, jeupe, halinitoshi tena. Nikalikata vipande vidogo vya mraba. Alfajiri nilipaka dawa moja kwapa la kushoto na nyingine la kulia, kisha nikabana kipande cha shati kwa pini ndani ya gauni, kila upande chake. Nikafanya kazi kama kawaida, nikabeba magunia, nikafagia. Adhuhuri navitoa, navikandamiza juu ya karatasi ya kaki, ile ya kufungia sukari. Unyevu unachora duara. Kuna dawa iliyochora duara la ukubwa wa kifungo, na kuna iliyochora sahani. Hapo huhitaji mtu wa kukueleza. Huo ndio upimaji wa maji. Upimaji wa harufu ulikuwa wa Mama Halima mwenyewe. Aliinusa kila kipande kwa mbali, macho kafumba, na kutoa hukumu. Kuhusu ile ya kupuliza iliyokuwa maarufu sana kwa vijana alisema, "Hapa kuna beberu, abaayo, na amevikwa waridi."

Jambo la kwanza la kuwaambia wateja wenu ni kwamba kuna dawa ya harufu na kuna dawa ya jasho, na watu wanazichanganya. Ya harufu inakuacha ulowe, ila unukie. Ya jasho inaziba vitundu vya ngozi, maji yapungue. Wengi watakuja wanataka ya pili na mtawauzia ya kwanza kwa sababu kopo lake linang'aa. Soma nyuma ya kopo. Kama haisemi kwamba inazuia jasho, haizuii.

Nikianza na ile ya kupuliza: ni baridi tamu ukiipuliza, na kufikia Minjila, hapo jirani tu, imekwisha. Inafaa kwa mtu anayekwenda kusalimia na kuondoka. Aliwahi kuja mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, mtu wa heshima na fimbo yake, akanunua moja. Baada ya wiki akarudi akitaka mbili zaidi, akaisifu sana. Nikafurahi, nikamuuliza kama jasho limepungua. Akasema jasho lipi, yeye ameipuliza nyumbani usiku na mbu wote wametoka. Tangu hapo kila nilipoulizwa kama ile dawa inafanya kazi, nilisema ndiyo, kwa mbu.

Ile ngumu, iliyokaa kama sabuni ndani ya kibomba, ni nzuri kwa nchi za baridi. Hapa Garsen inageuka uji. Nilifungua katoni nzima nikakuta vibomba vinaelea ndani ya kitu kama mchuzi wa nazi. Ukiwa nazo, zitie kwenye mfuko wa nailoni uzining'inize ubavuni mwa mtungi wa maji, hapo zitashika umbo lake. Lakini mteja akifika nayo nyumbani imekwisha.

Shabu, lile jiwe jeupe la kuchovya maji na kusugua, ndilo rafiki wa maskini. Kwa harufu halina mpinzani, Mama Halima mwenyewe alilitumia miaka yote. Kwa maji linasaidia kidogo tu, duara la sahani linakuwa la kisosi. Ndimu achaneni nayo. Mtu amenyoa kwa wembe asubuhi, anajipaka ndimu, halafu anapanda bodaboda na jua lile. Nimewaona wanatembea mikono imetanuka kama bata anayetaka kuruka.

Na kuna ile ya kichupa chenye gololi mdomoni. Hiyo ndiyo iliyoshinda nyingine zote kwenye karatasi yangu. Lakini ndiyo inayoigwa zaidi pia. Ya kweli mtaijua hivi: paka tone kwenye vidole viwili, subiri ikauke, kisha visugue. Ya kweli inabana ngozi, kama ulimi unavyobana ukionja ndizi mbichi. Ya bandia inabaki inateleza. Gololi yake pia si ya mviringo sawasawa, inazunguka na kukwama. Msiuze bandia hata mkiwa na njaa. Anayeinunua mara nyingi ni mtu aliyekwisha jaribu kila kitu, na mnamwondolea tumaini la mwisho bila kumpa chochote.

Nikirudi kwa Saadia: nilimpa ile ya gololi, ya kweli, na haikumsaidia. Kwangu duara la kifungo, kwake shati limelowa vilevile. Nikajaribu ya aina nyingine, na nyingine. Alimaliza shule ya msingi hivyo, akiwa ameketi mwisho kabisa karibu na dirisha, mikono imebana mbavuni kama kuku aliyenyeshewa. Alipasi vizuri. Kila alichojifunza alijifunza bila kuuliza swali hata moja.

Kosa lilikuwa letu, na ni kosa la watu wa huku. Sisi tukirudi shambani jioni tunaoga mtoni, na tukitoka majini tunajipaka mafuta mwili mzima, ya nazi au ya simsim, ndivyo mama zetu walivyotufundisha. Ngozi kavu ni aibu. Mtoto akitoka nje amepauka, watu watauliza kama hana kwao. Na mimi, kwa kuwa mama hayupo, nilikazana zaidi. Nilimpaka Saadia mafuta kila siku mpaka anang'aa, asije mtu akasema watoto wa marehemu wametupwa. Mpaka kwapani nilimpaka. Kisha juu ya mafuta nikapaka dawa.

Aliyeliona ni Mama Halima. Aliniona siku moja nikimtayarisha Saadia kwenda sekondari, akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Hayo mafuta unapaka ya nini hapo?"

"Asipauke."

"Nani atakayemchungulia kwapani aone kama amepauka?"

Nikasimama na chupa mkononi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona mimi sicheki. Dawa ilikuwa inaelea juu ya mafuta muda wote huo. Haikuwahi kugusa ngozi ya yule mtoto.

Kwa hiyo shikeni hili kuliko yote: ipakwe usiku, si asubuhi. Mtu aoge, ajikaushe kabisa, ajipepee hata kwa kipande cha kaki, asipake mafuta hapo, ndipo apake dawa na alale. Usiku mwili umetulia, dawa inapata nafasi ya kuingia. Asubuhi anaweza kuoga tena, haitoki. Ikiwasha, apumzike siku mbili. Isipakwe siku ya kunyoa. Maneno hayo nimeyasema pale mezani mara nyingi kuliko salamu. Vijana wanakuja wamejikunja, hawataki kusikika, wananong'ona: "Mathe, nipe ile noma. Si yangu, ni ya beshte yangu." Noma kwao ni kali, beshte ni rafiki. Nami nawaambia, haya, mwambie beshte yako apake usiku, na mwambie hilo shati alilokuazima alifue. Wanacheka, wanalipa, na wiki inayofuata rafiki ndiye anayekuja, naye pia ananunulia rafiki.

Kwa Saadia, kupaka usiku kulibadilisha mambo. Sitaki kudanganya, kulikuwa na miaka mizuri. Harufu iliisha kabisa. Maji yalipungua, duara lake lilitoka kwenye sahani likawa la kikombe. Sekondari alimaliza. Chuo cha ualimu akaenda, akiwa na vichupa vya gololi vimefungwa ndani ya leso kama dhahabu, na barua zake zilisema yuko salama. Nilipoona jina lake kwenye cheti nilikiweka kifuani nikalala nacho. Nikajiambia shati langu lile halikukatwa bure.

Akaajiriwa na bodi ya shule moja ya msingi huku kwetu, si na serikali kuu, kwa mkataba wa muda. Shule sitaitaja, watu wake hawakufanya ubaya. Darasa lilikuwa la bati, madirisha madogo, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Joto la humo mnalijua. Na yeye sasa hakuwa nyuma kabisa karibu na dirisha. Alikuwa mbele, macho yote yamemwelekea, na nimewaambia jasho lake lilikuwa linapenda macho ya watu. Lilirudi lote. Lilirudi kana kwamba lilikuwa limekwenda tu kumwita mwenzake.

Mtaniuliza kwa nini asivae buibui jeusi na yaishe. Alivaa. Nyeusi inaita joto, na ikikauka inaandika chumvi, mistari myeupe mbavuni, leo juu ya jana. Alivaa sweta. Alivaa vitambaa nilivyomshonea, vya kubadilisha kila kipindi. Tukaenda hospitali, mbali, na daktari alitusikiliza vizuri sana. Alitupa dawa kali kuliko zote nilizowahi kushika, ikamchubua ngozi mpaka akawa analala mikono juu ya kichwa. Akatuambia iko sindano, Nairobi, na ikishachomwa hurudiwa na kurudiwa, kwa fedha tusizokuwa nazo. Akatuambia pia kwamba wako watu ambao mwili wao uko hivyo, si uchafu, si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa ya kupaka haiwatoshi. Saadia alimshukuru. Tulikuwa njiani kurudi, tumeshavuka daraja.

"Basi," alisema. "Nilifikiri ni sisi tuliokuwa hatujui kupaka."

Mimi sikuamini yule daktari. Hiyo ndiyo kazi yangu, nilijiambia, nimezijua dawa hizi kwa ngozi yangu. Nikaagiza aina mpya, za Mombasa, za watu waliotoka nje. Kila iliyokuja nilijaribu kwangu kushoto, na ile ya zamani kulia, na iliyoshinda nikampelekea. Kwangu zilishinda. Zilishinda nyingi. Mimi ni mtu mkavu, wanangu, hilo ndilo jambo la kusikitisha. Nilikuwa na mwili usio na shida, napima kwa ajili ya mwili wenye shida.

Siku moja nilimpelekea chakula shuleni, ikiwa ni siku ya kwenda sokoni Idsowe na njia inapita hapo. Nikasimama dirishani nisimsumbue. Alikuwa anafundisha hesabu za sehemu, na anafundisha vizuri, sauti imetulia, watoto wamenyamaza. Nikafurahi kwa muda mfupi tu. Halafu nikauona ubao. Aliandika kuanzia katikati kwenda chini. Nusu ya juu ilikuwa nyeusi, safi, haijaguswa na chaki. Alipofika chini kabisa alipiga magoti akaendelea kuandika karibu na sakafu, kisha akafuta akaanza tena pale katikati, usawa wa kiuno. Mkono haukupita bega. Watoto wa nyuma walikuwa wamesimama, wengine wamepanda juu ya madawati, wanachungulia kati ya vichwa vya wenzao. Hawakuwa wanafanya fujo. Walikuwa wamezoea.

Nikaacha chakula kwa mpishi nikaondoka.

Nilimweleza Mama Halima. Wakati huo alikuwa amezeeka, miguu imevimba, na wanawe walikuwa wanataka arudi Nanighi wamtunze. Nilitegemea aseme kitu cha kuchekesha. Alizungusha gololi ya kichupa kimoja kwa kidole gumba. Kisha akaniambia nipunguze kumpelekea dawa, nimpelekee chakula tu. Nikakasirika. Nilimwambia yeye hajui uchungu wa kulea. Aliondoka Garsen muda si mrefu, na duka likachukuliwa na mwanawe, kijana mwema, ambaye hajui kunusa chochote.

Mwalimu mkuu alituita mwishoni mwa muhula. Mimi aliniita kama mzazi, kwa sababu ndimi niliyeandikwa jamaa yake wa karibu kwenye mkataba. Alikuwa mtu mzima wa Kipokomo, mpole, na aliona taabu kulianza jambo lenyewe. Alisema watoto wanampenda mwalimu Saadia. Alisema lakini wazazi wamelalamika, na wakaguzi wamepita wakaona. Alimwomba mara nyingi aandike juu, akamletea kiti cha kupanda, akahamisha ubao. Kila mara ilirudi palepale.

"Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe," alimwambia. "Niambie tu kizuizi ni nini, nikitetee kwenye bodi."

Nilimwangalia Saadia. Lilikuwa neno moja tu. Yule mzee angelielewa, naapa angelielewa. Nilikaribia kulisema mimi, na Saadia akaniwekea mkono juu ya goti, mkono wenyewe ukiwa umelowa, akanibonyeza nyamaza.

"Hakuna kizuizi, Mwalimu," alisema. "Ni mazoea tu."

Mkataba haukuendelea. Nilipokwenda kuchukua vitu vyake, darasa lilikuwa tupu na ubao haujafutwa. Hesabu zake zilikuwa pale chini, mwandiko mzuri, ulionyooka, kuanzia katikati mpaka karibu na sakafu. Nilipitisha kiganja kwenye nusu ya juu. Hakuna vumbi la chaki lililotoka.

Akarudi nyumbani Garsen, kwangu, nyuma ya soko, ambapo yuko mpaka leo. Jilo alimwambia atamtafutia shule nyingine, huko Hola, huko Malindi. Alisema ndiyo, atafikiria. Hajafikiria. Anapika, anasoma magazeti ya zamani, anawasaidia watoto wa jirani kazi za shule wakija, wakiwa wameketi chini na yeye ameketi chini, daftari likiwa mkekani. Huwa namsikia anavyowaeleza. Wanaelewa mara moja. Kisha wanaondoka.

Mimi niliendelea na meza kwa muda. Siku moja akaja msichana na mama yake, msichana wa umri ule ule, mikono imebana mbavuni. Mama akaniuliza, "Hii itamsaidia?" Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yale ya kupaka usiku, kukauka, kutopaka mafuta. Nikayasema yote, na yote ni kweli, na huenda yalimsaidia. Wengi huwasaidia, hilo mlijue, wengi kabisa. Lakini alipoondoka nikaona sina nguvu ya kumngoja arudi kuniambia. Nikaanza kupunguza bidhaa. Sikuagiza nyingine. Kilichobaki nimewaachia ndani ya sanduku chini ya meza. Vya gololi ni vya kweli, nimevipima kwa vidole.

Pimeni na nyinyi, na pimeni kwa mtu anayelowa, si kwa mkavu. Na akija mmoja ambaye amefanya yote sawasawa na bado amelowa, msimuuzie nyingine. Mwambieni alichotuambia yule daktari, kwamba si uchafu, na kwamba si yeye asiyejua kupaka. Sisi tuliambiwa, lakini mimi sikumruhusu Saadia aamini, kwa sababu nilikuwa na dawa nyingine kwenye mfuko.

Jana amefua. Pale uani hakuna anayeona, kuna ukuta wa makuti na mimi tu. Aliporudi kutoka shule ile alimwomba Jilo ashushe kamba ya kuanikia, akasema iko juu mno. Jilo akaifunga usawa wa kiuno, hakuuliza. Nguo fupi zinaning'inia vizuri. Kanga na mashuka yanaburuta chini, yanashika mchanga, ikabidi ayasuuze tena, ayaanike tena palepale. Nilisimama mlangoni nikamwangalia akiinama. Nilikuwa nimetoka nje nikamsaidie kuifunga kamba juu zaidi. Nilipofika nilishika upande wa pili wa shuka, nikaliweka juu ya kamba, chini pale pale alipotaka.